Gome la Mti Mwingine

Siku ile ilianza kwa utani, na mimi ndiye niliyeuanzisha.

Tulikuwa jikoni kwa mdogo wangu Nelma. Yeye anamenya muhogo, mimi natafuna popoo, na mumewe, Redley, ananoa kijipanga chake cha kuchanjia magome. Nelma alikuwa na mimba ya miezi minane. Tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba bakuli la muhogo alilitua juu yake badala ya mezani.

"Shemeji," nikamwambia Redley, "ukizidi kukinoa hicho kitabaki sindano."

"Bora sindano. Nitakushonea mdomo."

"Ukinishona, nani atakusema kwa mke wako?"

"Si ndiyo faida yenyewe?"

Nelma alicheka mpaka bakuli likadondoka, muhogo ukatapakaa sakafuni. Tukauokota wote watatu, tukauosha, maisha yakaendelea.

Hadithi hii watu wengi hapa kisiwani Lauru wanaijua juu juu, na wengi wameipamba. Wapo wanaosema Nelma aligeuka ndege akaonekana akiruka juu ya kanisa. Uongo mtupu. Mimi ni dada yake, nilikuwapo, na niliyoyaona hayahitaji kutiwa chumvi. Mama yetu alikufa Nelma akiwa bado hajaota meno ya mbele, nikamlea mwenyewe. Nilimlisha, nikamsomesha, nikamwozesha. Mume wangu alizama baharini mapema na watoto sikujaliwa, kwa hiyo nikisema Nelma alikuwa wangu, nina maana hiyo hiyo. Hata kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika ncha siku nilipompasulia kokwa ngumu za ngali akiwa mdogo, panga likateleza. Alilia yeye kuliko mimi.

Redley kazi yake ilikuwa kutaja miti. Kwetu mti mkubwa haukatwi mpaka uulizwe, na kwa kuwa mti hauna kinywa, mtaja miti anaweka kiganja kwenye shina na kuujibia. Mwenye ardhi anauliza maswali matatu: Jina lako nani? Nani anakula kwako? Nani analala kwako? Mtaja akishajibu, anachana kipande cha gome na kumpa mwenye ardhi akinuse na kukionja, apate uhakika. Kampuni ya mbao ilipokuja pwani yetu wazee walikubali kwa sharti hilo moja, kwamba kila mti uulizwe kwanza.

Na Redley aliijua miti kama mama ntilie anavyozijua sufuria zake. Alinifundisha mimi pia, tukienda shambani. Usianze na majani ya juu, alikuwa akisema, anza chini. Tazama mbegu zilizodondoka, tazama nani amezitafuna. Akwa ana majani mengi kwenye kikonyo kimoja, machanga yake mekundu, na gome lake ukilichana ni jekundu pia, linakausha ulimi. Vasa shina lake lina mifereji, gome la kijivu linachanika nyuzi nyuzi, na nyama ya ndani ni ya manjano hafifu. Matunda ya vasa ni madogo, yakiiva huwa meusi, na yakiiva njiwa hawalali, popo hawalali, na hondohondo anakuja kutoka mlima wa pili. Vasa mzee ndiye anayeoza moyo akabaki mzima kwa nje. Ndani yake panakuwa na chumba.

Chumba hicho ndicho hondohondo jike anachokitafuta. Anaingia, anajiziba kwa udongo na mavi yake mwenyewe, anaacha ufa wa kupitisha mdomo. Humo ndani manyoya ya mabawa yanamdondoka, hawezi kuruka hata akitaka. Dume ndiye anayemlisha kupitia ule ufa, yeye na kinda, miezi mitatu au minne, mpaka jike mwenyewe abomoe atoke. Dume akifa, wa ndani nao wamekufa. Ndiyo maana kwetu vasa aliyezibwa hakatwi. Anasubiriwa.

Sasa, barabara ya kampuni ilikuwa inatoka upande wa pili wa kisiwa, kwenye hospitali, kuja kijijini kwetu Pangoro. Ilikuwa imebaki saa moja kwa miguu kutufikia. Hapo ikakuta vasa mmoja mzee, amesimama kati ya jabali na kinamasi, hakuna pa kupita ila pale pale aliposimama. Kuuzunguka mti ule kungechukua wiki saba, kwani kinamasi kingejazwa mawe kwanza. Nelma alikuwa amebakiza wiki nne.

Na Nelma alikwisha kuzika wawili. Wote walizaliwa kwenye mtumbwi wa mashine, njiani kwenda hospitali, mawimbi yakiingia ndani. Wa pili nilimpokea mimi kwa mikono hii. Meneja wa kampuni alimwahidi Redley kwamba barabara ikifika, gari lao litakuja mpaka mlangoni kumchukua mkewe. Sisi tulitaka mtoto mmoja tu aje duniani akute nchi kavu.

Basi kesho yake ya utani ule, asubuhi, nikafuatana na wakataji kwenda kwenye ule mti, nimebeba chakula. Tulikuwa Redley, wanaume wawili wa msumeno wa mashine, mimi, na Mzee Pitasua mwenye ardhi ile. Mzee Pitasua macho yake yalikuwa na ukungu, aliongozwa kwa fimbo, na njia nzima aliniudhi kwa mizaha.

"Lovelyn, mbona unahema hivyo? Au umebeba na mume wa mtu kwenye kikapu?"

"Nimebeba viazi vyako, mzee. Nikivimwaga utanitambua."

"Vimwage tu. Meno yenyewe sina."

Tukafika. Jua lilikuwa limetoka vizuri, kila kitu kilionekana. Nikatazama juu, na kwa kimo cha nyumba mbili hivi nikaliona tundu. Limezibwa kwa udongo, umekauka pembeni, katikati bado mbichi. Katikati ya udongo pana ufa. Na kwenye ufa pakatokea ncha ya mdomo, nyeupe kama mfupa, ikatulia, ikarudi ndani.

Redley aliona kwamba nimeona. Tukatazamana. Kisha akaweka kiganja kwenye shina.

"Jina lako nani?" Mzee Pitasua akauliza.

"Akwa," Redley akajibu.

"Nani anakula kwako?"

"Wapita njia tu."

"Nani analala kwako?"

"Hakuna mtu ndani."

Akainama kama anayechana gome. Hakuchana. Akatoa mfukoni kipande cha gome jekundu, cha mti mwingine, alichokikata jana yake, akakiweka kwenye mkono wa mzee. Mzee akakinusa. Akakiweka ulimini, akakitafuna polepole, uso ukielekea kwangu na macho yale yasiyoona. Nilikuwa na popoo mdomoni. Nikaigeuza kutoka shavu hili kwenda shavu lile.

"Akwa," mzee akasema. "Haya, kateni."

Msumeno ulipoanza, dume likaja. Mabawa ya hondohondo yana kishindo, utadhani mtu anakung'uta mkeka juu ya kichwa chako. Likazunguka, likazunguka, matunda mdomoni. Mti ulipoanguka ardhi ilitikisika miguuni mwetu, na likaja vumbi lenye harufu ya kitanda. Sijui namna nyingine ya kuieleza harufu ile. Ilikuwa harufu ya mtu aliyelala muda mrefu.

Wanaume wakapasua pale penye tundu, kwa sababu walikwishaona udongo na walitaka nyama. Tukachungulia. Kulikuwa na mbegu nyingi, nyingine bado zina maji. Kulikuwa na manyoya marefu ya mabawa yamepangana. Nikatia mkono, mahali pa kulalia pana joto. Udongo wa mlangoni ulikuwa mzima, haujabomolewa, una ule ufa wake mdogo tu.

Ndege hakuwamo.

"Si nilisema?" Redley akanena. Alitaka kucheka, midomo ikakataa. "Si nilisema hakuna mtu ndani?"

Tulirudi nyumbani kwao. Tulimkuta Nelma amekaa sakafuni chumbani, mgongo ukutani. Muhogo ulikuwa umeungua jikoni. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Nelma, umetoka wapi na matope hayo?"

"Nimeusikia mti," akasema.

"Utausikiaje? Ni saa nzima kutoka hapa."

Akanitazama kama mtu anayeelezea jambo dogo kwa mtoto. "Niliusikia kutoka ndani, dada."

Siku iliyofuata Redley alikwenda kazini na mimi nikaenda shambani kuchimba viazi. Niliporudi saa sita, dirisha la chumba chao lilikuwa limezibwa. Udongo wa mtoni, umechanganywa na kitu, umesukumwa katikati ya mbao kwa vidole. Nikamkaripia. Akasema kuna baridi. Kwetu hakuna baridi. Nikachukua panga nianze kukwangua, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu zisizo zake.

"Niache nimalize," akasema kwa kunong'ona. "Bado kidogo."

Nikamwacha. Mimba ina mambo yake, nilijiambia. Wapo wanaokula mkaa.

Siku ya tatu akaziba mlango, naye yuko ndani.

Alibakisha ufa mmoja, kimo cha kifua cha mtu mzima, upana wa vidole viwili. Redley aliporudi alidhani ni mzaha wetu wa wanawake. Akabisha. Akaita. Akaleta shoka. Pigo la kwanza lilipogusa mlango, Nelma alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwenye uzazi mgumu.

"Unanikata," akasema. "Redley, unanikata mimi."

Shoka likamdondoka. Tukasogea tukasikiliza. Tulisikia pumzi zake, zimetulia, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Njaa," akasema.

Nilikimbia kupika. Wali, samaki, maziwa ya nazi. Nikapitisha kijiko kwenye ufa. Kikarudishwa. Nikapitisha mkate wa muhogo. Ukarudishwa. Redley akasimama muda mrefu akiutazama ule ufa, kisha akashika njia ya msitu. Alirudi na tini za mwitu kwenye majani. Akaweka moja ufani. Ikachukuliwa. Akaweka nyingine. Ikachukuliwa haraka zaidi. Zote ziliisha, na vidole havikuonekana hata mara moja.

Nilijaribu kumlisha tini zile zile kwa mkono wangu. Hakuzipokea. Ilikuwa lazima iwe yeye, mumewe.

Tulimwita mchungaji akaombea mlangoni. Tulimwita muuguzi wa zahanati, akaweka sikio lake kwenye mbao, akasema anasikia mapigo ya moyo, lakini hakusema ni mioyo mingapi. Mwisho nikaenda kwa Mzee Pitasua. Alikuwa barazani kwake anasugua chokaa kwenye tambuu. Mizaha ilikuwa imemtoka.

"Msibomoe," akasema. "Wa ndani akibomolewa kabla ya siku yake, hapatikani. Anatoka mwenyewe. Ninyi mlisheni tu."

"Mzee, kuna jambo sikukuambia. Lile gome..."

"Lilikuwa kavu, Lovelyn."

Akaiweka chokaa chini.

"Gome la mti ulio mbele yako lina maji. Lile lilikuwa limelala mfukoni. Nilijua pale pale."

"Mbona hukusema?"

Alipangusa macho yake yale kwa nyuma ya mkono. "Hospitali ya ng'ambo wanafungua macho ya wazee. Nami nilitaka barabara." Kisha akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Na wewe, je? Wewe si unaona?"

Siku zikaenda hivyo. Redley aliacha kazi ya kampuni akawa na kazi moja tu. Alfajiri anaingia msituni, saa nne anarudi na matunda. Saa tano anaondoka, saa tisa anarudi. Tini, kungu za mwitu, matunda meusi ya vasa. Na hapo ndipo tulipoona tulichokifanya. Barabara ilipopita, magari yalipita. Magari yalipopita, misumeno ilifuata, na mti uliokwisha kujibu maswali haukuwa na wa kuutetea. Miti ile yote ilijibiwa na Redley mwenyewe. Mtini wa karibu na mto ulikatwa Jumatatu. Mikungu ya bondeni, Jumatano. Aliniambia majina yao jioni mmoja mmoja, nani alikula pale, nani alilala pale, kana kwamba anasoma majina ya waliokufa ajalini. Kila wiki aliongeza saa moja ya kutembea. Mashavu yakamwingia, shingo ikawa ndefu. Akawa hali chakula chetu. Akila tunda lolote, alisema, anaona kama anamwibia.

Siku ya tisa, kwenye ufa palitoka nywele. Zilisukumwa nje kidogo kidogo, nywele za Nelma, nyingi, mizizi ikiwa bado nayo. Siku ya kumi na mbili zikatoka kucha, kumi za mikono, zimesafishwa vizuri. Nilizifunga kwenye kitambaa. Bado ninazo.

Gari la kampuni lilikuja. Hilo lazima niliseme, maana ahadi yao waliitimiza. Wiki ya nne, saa tatu asubuhi, likasimama mbele ya nyumba, na dereva, bwana mmoja mnene wa kisiwa cha Malaita, akapiga honi.

"Mgonjwa yuko wapi, wajameni? Nimetandika godoro kabisa."

Redley akamwonyesha mlango. Yule bwana akauzunguka ukuta, akagonga, akaweka jicho kwenye ufa. Akakaa hivyo. Akageuka kumtazama Redley kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa na akili.

"Kaka," akasema, "hakuna mtu ndani."

Redley akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Dereva akasubiri kidogo kwa adabu, akapanda gari, akaondoka na godoro lake. Honi ikasikika mara moja kwenye kona ya jabali. Kisha, ufani, sauti ya Nelma.

"Ameondoka?"

"Ameondoka," nikasema.

"Njaa. Tuko wawili sasa."

Tukamsikia mtoto. Mtoto alilia, nawaapieni, kilio cha mtoto mchanga mwenye mapafu mazuri. Redley alilala kifudifudi mlangoni akalia naye. Alimwomba Nelma amwonyeshe hata kidole cha mtoto. Nelma akasema subiri kidogo, bado hajaota. Hakusema hajaota nini.

Baada ya hapo mahitaji yakawa mara mbili, na msitu ukawa nusu. Redley alifika mbali hata akalala huko huko njiani. Siku moja saa nne ikapita. Saa tisa ikapita. Nelma alikuwa ameanza kuita tangu saa tano, si kwa jina, kwa sauti fupi ya kooni.

Tulimkuta Redley asubuhi ya pili yake, ng'ambo ya mlima wa pili, chini ya mtini mkubwa uliobaki peke yake kwenye uwanja wa visiki. Alikuwa ameanguka kutoka juu. Mikono yake ilikuwa mitupu. Tulipomgeuza tumfunge taya, kinywa kilikuwa kimejaa. Tini nzima nzima, hakuna iliyotafunwa. Waliomwosha walizitoa moja moja, na nyingine zilikuwa chini kabisa kooni, mahali ambapo tunda zima halipiti kwa mtu aliye hai. Zilikuwa ishirini na moja. Alikuwa amewabebea.

Nikazichukua zile tini. Nikazipeleka mwenyewe.

"Nelma. Ni mimi."

Nikagonga mlango kwa kidole.

"Nelma, mwanangu. Chukua."

Nikaweka moja ufani. Ikasukumwa, ikaanguka miguuni pangu.

"Siyo wewe," akasema.

"Mwenyewe hawezi kuja. Pokea kwangu. Nilikulisha tangu hujaota meno, Nelma. Ni mimi yule yule."

Akafikiri. Nilisikia anafikiri.

"Ulimwona," akasema. "Uligeuza popoo mdomoni."

Nilikaa pale mlangoni siku nne. Nilileta tini, nikaleta ndizi, nikaleta hata sukari, nikavirundika chini ya ufa mpaka nzi wakavifunika. Nilimwomba radhi kwa maneno yote niliyonayo. Siku ya kwanza mtoto alilia. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya tatu sikumsikia. Siku ya nne nilimsikia Nelma akimwimbia, wimbo niliokuwa nikimwimbia yeye, na sauti ikapungua, ikapungua. Katikati ya ubeti ikakatika.

Nikachukua shoka. Nikapiga. Hakuna aliyepiga ukelele.

Jua la mchana liliingia chumbani pamoja nami. Kulikuwa na mbegu, zimefika magotini. Kulikuwa na mkeka wa Nelma umekunjwa mviringo. Katikati ya mkeka pana mashimo mawili ya kulalia, kubwa na dogo. Nikatia mkono. Kubwa lilikuwa la baridi. Dogo lilikuwa bado lina joto.

Hakuna mtu ndani. Nilisema kwa sauti, bila kujua nasema. Nikatafuta kila pembe, nikang'oa mbao za sakafu kwa mikono. Hakukuwa na tundu la kupita hata mjusi. Tulizika mkeka kando ya Redley, na mchungaji hakujua asome nini.

Ni miaka sita sasa. Kampuni ilimaliza miti ikaondoka, na mvua mbili zilitosha kuibomoa barabara, hata hospitali tunaenda tena kwa mtumbwi. Mzee Pitasua alifunguliwa macho. Akarudi, akatazama mlima mara moja, akaingia ndani kwake, na tangu hapo hukaa amefumba. Hondohondo hatuwaoni. Mara moja tu kwa mwaka, kipindi hiki hiki, dume moja huja mchana kweupe na kuzunguka pale palipokuwa na nyumba ya Nelma, mdomo umejaa.

Mwaka huu halikuzunguka pale. Lilikuja juu ya paa langu.

Jumapili nilitoka kanisani nikakuta udongo kwenye pembe ya dirisha la chumba changu, mbichi, kiasi cha kiganja. Nikaukwangua. Jumanne ukawa umefika nusu ya dirisha. Nikaita majirani waje waone nani ananichezea. Wakaja, wakatazama, wakaniuliza kama ninalala vizuri. Mimi mlango wangu naufunga kwa komeo, na udongo ule umepakwa kwa ndani.

Leo asubuhi nimeusogelea kwa karibu, jua likiwa limeupiga. Una alama za vidole. Vinne ni vizima. Cha shahada hakina ncha.

Mikono nimeiosha mara tatu, na kucha bado ni nyeusi. Kwenye mto wangu kuna nywele. Nelma alikuwa na mtu wa kumletea matunda, akamlisha mpaka mwenyewe akafa. Nimekaa hapa tangu asubuhi nahesabu nani atakayekuja kwenye ufa wangu. Nimemaliza kuhesabu.